Tusiwafanye Wamaya Mfano wa Laana

Mwaka mmoja mvua za vuli zilikosekana, na za masika zikanyesha siku chache zikakatika. Usharika wetu ukatenga siku ya kufunga na kuomba, tukamwalika mhubiri mgeni. Alisoma habari za Eliya na mfalme Ahabu, kisha akatupeleka mbali, hadi Amerika ya Kati, kwa watu waitwao Wamaya. Alisema walijenga mahekalu marefu, wakaabudu miungu ya mawe na kuchinja watu, ndipo Mungu akaifunga mbingu juu yao mpaka wakafutika duniani. "Hata mtoto hakubaki," alisema. Akamalizia kwa kututaka tumtafute aliyeifunga mbingu ya kijiji chetu.

Ibada ilipokwisha, mama mmoja mjane alinisubiri karibu na mlango. Ng'ombe wake wanne walikuwa wamekufa mwezi ule. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwinjilisti, hivi ni mimi?"

Nilimwambia kwamba Mungu anampenda. Hilo ni kweli, lakini sivyo alivyouliza. Alitaka kujua kama ng'ombe wake, na ng'ombe wa jirani zake, wamekufa kwa ajili ya dhambi yake. Tangu siku ile nimesoma habari za Wamaya kadiri nilivyoweza, na nimerudi kwenye Maandiko yale yale aliyoyasoma mhubiri. Nasema bila kuficha: mahubiri yale yaliwasingizia Wamaya, yaliyapindisha Maandiko, na yalimwongezea mzigo mtu aliyekuwa amekwisha kulemewa. Na kwa kuwa mfano huo wa Wamaya unapendwa mimbarani, afadhali tuuchunguze pamoja.

Yaliyowapata Wamaya

Kwanza, Wamaya hawakuwa taifa moja chini ya mfalme mmoja. Walikuwa watu wa miji mingi, kila mji na mtawala wake, katika nchi ambazo leo ni kusini mwa Mexico, Guatemala, Belize na sehemu za Honduras na El Salvador. Kati ya mwaka 250 na 900 hivi baada ya Kristo, miji kama Tikal, Calakmul, Palenque na Copán ilistawi sana. Watu wake walikuwa na maandishi yao wenyewe, walihesabu kwa kutumia sifuri, na walifuatilia mwendo wa sayari ya Zuhura kwa usahihi unaowashangaza wanajimu hata sasa. Walisimamisha nguzo za mawe na kuchonga juu yake tarehe na matendo ya wafalme wao.

Nguzo hizo ndizo zinazotuambia lini mambo yaliharibika. Huko Copán, mchongo wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 822, na mchongaji aliuacha haujakamilika. Tikal nguzo ya mwisho ni ya mwaka 869. Toniná, mwaka 909. Baada ya hapo, katika miji ya kusini, hakuna mfalme aliyechongewa jiwe tena.

Je, palikuwa na ukame? Ndiyo, na mhubiri wetu hapo hakukosea. Nchi ile ni ya mwamba wa chokaa. Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba au Novemba, maji yakazama ardhini, kisha kiangazi kirefu hufuata. Tikal haina mto. Watu wake waliishi kwa malambo: waliviinamisha viwanja vya mji na kuvipaka lipu ya chokaa, ili kila tone la mvua litiririkie malamboni. Mji wa namna hiyo ukipata miaka mitatu mibaya mfululizo unafika ukingoni.

Mwaka 1995 watafiti walichapisha habari za matope waliyoyachimba chini ya ziwa Chichancanab, katika rasi ya Yucatán. Maji ya ziwa hilo yanapopungua kwa ukavu, madini ya jasi hutuama chini. Walikuta tabaka za jasi katika matope ya karne zile zile ambazo miji ilianguka. Mwaka 2018 wengine walipima maji yaliyonaswa ndani ya jasi hiyo, wakakadiria kwamba mvua ya mwaka ilipungua kwa asilimia 41 hadi 54, na katika vipindi vikali kabisa hadi asilimia 70. Mwaka 2025 ikachapishwa habari ya nguzo ya chokaa iliyoota sakafuni mwa pango moja la Yucatán kutokana na matone ya maji ya mvua. Nguzo hiyo inaonyesha kwamba kati ya mwaka 871 na 1021 majira ya mvua yalishindwa mara nane, kila mara kwa miaka mitatu au zaidi. Mara moja, kuanzia mwaka 929, yalishindwa miaka 13.

Ndugu msomaji, simama hapo kidogo. Sisi tulitikiswa na mwaka mmoja. Wakulima wale walipanda mahindi miaka 13 wakitazama juu. Mtu anayeweza kuisimulia habari hiyo kwa furaha, kama bao lililofungwa na upande wake, amesahau kwamba waliokufa walikuwa wameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Sasa tuiweke hoja ya laana kwenye mizani. Kama ukame ule ulikuwa hukumu juu ya dini yao, ungetazamiwa kuwapata wote walioishika dini hiyo. Haikuwa hivyo. Miji ya kusini, ambako mvua kwa kawaida ni nyingi zaidi, ndiyo iliyoanza kuanguka. Kaskazini, ambako ni kukavu zaidi lakini maji ya chini yanafikika kupitia mashimo ya mwamba yaitwayo cenote, miji kadhaa iliendelea kustawi, mmojawapo ukiwa Chichén Itzá. Na ni nini kilichofanyika Chichén Itzá? Karibu na cenote yao takatifu, katika shimo la chini ya ardhi, yalikutwa mabaki ya watoto wengi. Watafiti walipima 64 kati yao na kuchapisha matokeo mwaka 2024: wote walikuwa wavulana, miongoni mwao jozi mbili za mapacha wa kufanana. Wengi wao walizikwa pale kati ya mwaka 800 na 1000.

Sisemi hayo ili kuyafunika. Kumtoa mtoto sadaka ni chukizo, na Maandiko yanalikemea waziwazi. Lakini angalia hesabu: miaka ile ile ambayo Copán na Tikal ziliachwa, mji uliokuwa ukiwaweka watoto shimoni ulikuwa katika fahari yake. Mwenye kusema mbingu ilifungwa kwa sababu ya sadaka za watu inambidi atueleze hesabu hiyo. Atueleze pia habari ya Lamanai, mji wa Wamaya kando ya ziwa huko Belize, wenye maji ya kudumu. Huo haukuachwa. Wahispania walipofika katika karne ya 16 walikuta watu wanaishi pale, wakajenga kanisa. Lamanai haikuponywa na usafi wa dini kuliko jirani zake. Ilikuwa na maji.

Na lile neno la kwamba hata mtoto hakubaki ni uongo mtupu. Wamaya wapo. Ni mamilioni ya watu, wanasema zaidi ya lugha 20 za Kimaya, wanalima mahindi katika nchi ile ile. Uchunguzi wa mifupa ya wale wavulana ulionyesha kwamba wakazi wa leo wa eneo hilo ni uzao wa watu wale. Wengi wao ni Wakristo, wanasoma Biblia kwa lugha zao. Huenda siku ile sisi tulipokuwa tukishangilia kufutika kwao, wao walikuwa kanisani wakiliombea Kanisa la ulimwengu mzima, pamoja na sisi.

Mfalme mwenye mvua

Basi ni nini kilichoanguka? Kilichoanguka kusini kilikuwa aina ya utawala. Mtawala wa mji wa Kimaya aliitwa k'uhul ajaw, yaani bwana mtakatifu. Alisimama kati ya watu na miungu. Wafalme na wake zao walijitoboa miili na kutoa damu yao kama sadaka, na baadhi yao walilitwaa jina la Chaak, mungu wa mvua, likawa sehemu ya majina yao. Mvua ikinyesha, ni ushahidi kwamba mfalme anafaa. Mahindi ya mkulima, kazi yake ya kubeba mawe, vita anavyotumwa kupigana, vyote alivitoa kwa mtu aliyesemekana kuishika mvua.

Mvua iliposhindwa, watawala hao hawakuweza kusema, "Tulikosea, mvua si yetu." Vita kati ya miji viliongezeka. Aguateca ilishambuliwa na kuchomwa karibu na mwaka 810, na watu wake wakakimbia ghafla hivi kwamba wachimbaji walikuta vyombo vimeachwa sakafuni mwa nyumba. Misitu ilikwisha kukatwa kwa ajili ya mashamba na kwa ajili ya kuni za kuchoma chokaa ya majengo, na nchi iliyonyolewa miti huzidi kukauka. Huko Tikal, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2020 walikuta malambo yaliyokuwa karibu kabisa na kasri na hekalu yamechafuliwa kwa zebaki na kwa mwani wenye sumu. Zebaki hiyo yaelekea ilitoka katika rangi nyekundu waliyopamba nayo majengo na makaburi ya wakubwa. Mapambo ya utukufu wa mfalme yalioshwa na mvua yakaingia katika maji ya kunywa.

Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani kilitokana na ukame, na kiasi gani na vita na uharibifu wa nchi. Lakini hakuna mzani unaotuonyesha jua peke yake likiangusha mji. Ukame ulikuja juu ya watu ambao wakubwa wao walikuwa wamefunga imani yote katika mtu mmoja, na alipoonekana hana kitu, wakulima walibeba watoto wao wakaondoka. Siwalaumu.

Hapa ndipo ninapogombana na mhubiri wetu hasa. Kama tunatafuta dhambi katika habari za Wamaya, ile iliyo karibu nasi kuliko zote ni hii: mtu kusimama mbele ya watu wenye kiu na kudai kwamba anajua kilichoifunga mbingu, na kwamba ufunguo uko mkononi mwake. Cheo hicho tunacho makanisani. Mvua ikinyesha baada ya maombi yake, mhubiri husimulia mwaka mzima. Isiponyesha, kuna aliyezuia: mwenye dhambi ya siri, asiyetoa fungu la kumi, mjane anayesemwasemwa mtaani. Yeye mwenyewe hakosei kamwe. Huyo ni k'uhul ajaw aliyevaa tai, na sisi ndio tunaomwalika na kumlipia nauli.

Maandiko yalivyo

"Lakini Eliya?" mtaniuliza. Haya, tumsome Eliya mpaka mwisho (1 Wafalme 17). Ukame ule ulitangazwa kabla haujaja, na nabii aliyetumwa, mbele ya mfalme aliyetajwa kwa jina. Hakukaa akingoja mifugo ife ndipo atafute wa kulaumiwa. Halafu tazama ukame wenyewe ulimpata nani. Kijito cha Kerithi kilikauka, na aliyekuwa akinywa humo ni Eliya, mtu wa Mungu. Mwenye haki alikosa maji pamoja na mwenye dhambi.

Kisha Bwana alimtuma kwa mjane wa Sarepta, mgeni wa nchi ya Sidoni, aliyekuwa akiokota kuni ili apike mkate wa mwisho. Baadaye mtoto wa mama huyo alikufa, naye akamuuliza nabii swali lile lile nililoulizwa mlangoni: je, umekuja kuikumbusha dhambi yangu na kumuua mwanangu? Nimeusoma mstari huo mara nyingi tangu siku ile. Eliya hakumwambia ndiyo. Hakumwambia achunguze maisha yake. Alimchukua mtoto kifuani, akapanda naye juu, akamlilia Mungu kwa ajili yake. Mhubiri wetu alisoma sura hiyo na kuiruka sehemu iliyotuhusu.

Wengine watanitajia Kumbukumbu la Torati sura ya 28, ambapo mbingu kuwa kama shaba ni mojawapo ya laana za kuvunja agano. Sura hiyo ni Neno la Mungu na siipunguzi. Lakini inasema na taifa zima lililopewa sheria na manabii. Haitupi ruhusa ya kuanzia kwenye mbingu kavu na kurudi nyuma mpaka kwenye mlango wa jirani. Kazi hiyo waliifanya rafiki za Ayubu. Waliona msiba, wakaitafuta dhambi, na waliongea maneno mengi mazuri ya dini. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu (Ayubu 42:7).

Na Bwana wetu mwenyewe alipoletewa habari za watu waliouawa, na za wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:1-5). Ni kweli aliongeza neno la kutubu. Lakini aliwaambia waliokuwa wakimsikiliza, walio hai, wenye nafasi ya kubadilika. Hakuwatumia waliokufa kama fimbo. Yeye ndiye pia aliyetufundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45).

Hatuachi basi kuomba mvua. Tuombe, na tuombe kwa machozi. Yakobo anatuhimiza kwa mfano wa Eliya huyo huyo. Ila maombi ni ya mtoto kwa Baba yake. Aliyeomba hapewi risiti ya kwenda kumdai Mungu, wala hati ya kumshtaki jirani.

Moto wa Maní

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni letu sisi watu wa Kanisa. Hii si mara ya kwanza Wamaya kuhukumiwa na wahubiri. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, mtawa Diego de Landa aliamuru sanamu na vitabu vya Wamaya vichomwe moto hadharani. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wameteswa ili wakiri kuabudu sanamu. Landa mwenyewe aliandika kwamba vitabu vile havikuwa na kitu ila ushirikina na uongo wa Shetani, na kwamba watu waliumia sana kuviona vinaungua. Aliitwa Hispania kujibu mashtaka, kisha baadaye akarudi Yucatán akiwa askofu. Leo, kati ya vitabu vyote vya kale vya Wamaya, vinavyojulikana kubaki ni vinne tu.

Landa aliamini anaitetea imani, na sidhani mhubiri wetu alikuwa na nia mbaya. Lakini mtu aliyekwisha kuamua kwamba watu fulani ni kielelezo cha hasira ya Mungu hahitaji tena kujifunza lolote juu yao. Anaweza kuchoma vitabu vyao, au kusema wote wamekufa wakati wako hai.

Ufunguo wa tangi

Kuna ukame mwingine katika Maandiko ambao hatuuhubiri vya kutosha, nao ni ule wa Misri (Mwanzo 41). Njaa ya miaka saba inakuja, na hakuna dhambi inayotajwa kuwa chanzo chake. Mungu anaonya, na onyo lake ni la ghala: wekeni akiba miaka ya shibe. Yusufu hakuuliza ni nani aliyeikosea mbingu. Alipima nafaka. Lakini endeleeni hadi sura ya 47, maana huko mna onyo jingine. Kwa kuwa ghala lote lilikuwa la Farao, watu walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, mwishowe wakawa watumwa wake. Akiba iliwaponya na njaa ikawatia utumwani, kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa mmoja.

Wenye Tikal walijua kukinga maji. Kwa hilo walitushinda. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la kanisa lenye mita za mraba 200, mahali panaponyesha milimita 500 tu kwa mwaka, hupokea lita 100,000. Hata tukipoteza robo yake, zinabaki lita 75,000. Kanisa letu lina paa la bati, halina mfereji wa kukinga maji hata mmoja. Mvua chache tulizopewa mwaka ule zilidondoka zikachimba msingi, huku sisi tumo ndani tunamtafuta aliyezizuia.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa washarika na wazee wa kanisa. Siku nyingine tutakapotangaza kufunga kwa ajili ya mvua, tuanze kwa kusoma Isaya 58, inayoeleza ni mfungo gani Mungu anaupenda, na sadaka ya siku hiyo inunue mifereji na tangi, badala ya nauli ya mtu wa kutukaripia. Na tangi likijaa, ufunguo usikae kwa mchungaji peke yake, wala kwa mzee mmoja wa kanisa. Wakae nao watu kadhaa, akina mama wakiwemo, na wajane wachote kwanza.

Na wewe mama uliyenisubiri mlangoni, kama utasomewa insha hii: hapana, si wewe. Samahani kwamba sikusema hivyo siku ile.